Alale Amenyooka

Kaka yangu alikuwa akiingia nyumbani kwa kuinama, na kwa sababu hiyo watu wa kijiji chetu, Akheri, hawakuujua urefu wake. Walijua kwamba ni mrefu. Mrefu kiasi gani, hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa kwetu hakuna mahali ambapo mtu kama yeye angesimama wima. Milango ilikatwa kwa vimo vya wazee waliojenga. Nje kuna migomba, na majani yake yananing'inia chini kiasi kwamba hata mimi huyasogeza kwa mkono. Tangu akiwa kidato cha pili alitembea shambani kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Mimi ni mdogo wake. Niliishia darasa la saba, nikabaki nyumbani na wazazi, kahawa, migomba na ng'ombe wa ndani. Yeye alicheza mpira wa kikapu kwa malipo, mji baada ya mji, mpaka magoti yakakataa. Sasa amekufa. Ninayoandika hapa ni niliyoyaona mwenyewe na aliyonieleza kwa kinywa chake. Nisiyoyajua nimeyaacha.

Alipofariki, wazee wa ukoo walimwendea mama kumuuliza anataka mazishi yaweje: nyimbo gani, sare gani, nani azungumze. Mama alisema jambo moja tu. "Alale amenyooka." Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakidhani ni maneno ya mfiwa. Mimi nilijua alichokuwa akikisema, lakini ili nikieleze lazima nianzie mbali kidogo.

Alianza kucheza akiwa sekondari, upande wa Usa River. Mwalimu wa jiografia alimwona akibadilisha balbu darasani bila kupanda kiti, akamtoa nje kumpeleka kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka, wenye chuma kimoja kisichokuwa na wavu. Baba hakupenda. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwake mpira ulikuwa jambo la watoto baada ya kukata majani ya ng'ombe. Alinyamaza pale kaka alipochukuliwa na timu ya taasisi moja ya Dar es Salaam na kupewa kazi ya stoo. Kazi yenyewe ilikuwa ya jina. Alikuwa akisaini asubuhi, kisha anakwenda mazoezini. Baba aliwaambia watu kanisani kwamba kijana wake ni mtunza stoo Dar, na kwa karatasi hakusema uongo.

Kutoka Dar alikwenda Nairobi, kutoka Nairobi Kampala, halafu Kigali, halafu Kampala tena katika timu nyingine, halafu Mwanza. Pengine nimeruka mji mmoja. Mikataba ilikuwa ya msimu, na msimu ukiisha alirudi nyumbani kusubiri simu. Akiwa anasubiri alisaidia kuchuma kahawa, na simu aliifunga kwenye mfuko wa nailoni shingoni ili isilowe na umande.

Hakuwa nyota. Nasema hivi kwa sababu baada ya kufa kwake yamesemwa mengi, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. "Kazi yangu ni kuokota wanachokosa wenzangu," aliniambia. Alisimama chini ya kikapu akisukumwa mgongoni na watu wazito. Mpira ukigonga chuma na kurudi, aliruka akaudaka, akampa mwenzake anayejua la kuufanyia. Kila timu ilikuwa na mtu anayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye, na mtu huyo akichoka au akiumia, ndipo kaka aliinuka benchi. Akija kijana mgeni kutoka Sudan Kusini au Nigeria, mrefu kumzidi, kaka alijua kwamba ni wakati wa kufunga begi. Hakumchukia mgeni. Alisema kwamba na yeye huko alikokwenda kulikuwa na mtu aliyefunga begi kwa ajili yake.

Kila mji ulimpa jina la utani, na yote yalihusu kimo: ngazi, mnara, nguzo ya umeme. Nairobi walimcheka kwa jambo jingine. Alikuwa akiwaamkia waamuzi shikamoo kabla ya mchezo. Waamuzi wa kule hawakuwa na mazoea hayo, mmoja akadhani anatafuta upendeleo, akampigia filimbi mara nyingi kuliko haki. Kocha akamwambia aache. Aliacha kwa mechi mbili tatu, kisha akaendelea. Alisema mtu mwenye mvi huwezi kumpita kama kigogo.

Mara moja tu nilimwona akicheza. Timu yake ya Kampala ilikuja Arusha kwa mashindano, nikateremka mjini na shangazi. Tulikaa juu kabisa, kwenye jua. Kipindi cha kwanza chote alikuwa benchi na taulo begani. Alipoingia, shangazi aliniuliza ni yupi, na mimi kwa muda kidogo sikuwa na hakika. Alikuwa amesimama wima. Sikuwa nimewahi kuuona mgongo wake ukiwa umenyooka wote, na shingo yake, na kichwa kikiwa mwisho wa shingo badala ya kuwa mbele yake. Alisukumwa, akasukuma, akadaka mipira kadhaa, akaanguka mara moja, akarudishwa benchi. Hakufunga hata kikapu kimoja. Shangazi akasema, "Wanamtoa na hajakosea kitu." Baada ya mechi alikuja kutusalimia, na alipotufikia alikuwa ameshainama.

Jambo la urefu lilianza Nairobi. Meneja wa timu alimpima akiwa na viatu, akaongeza kidogo, akaandika kwenye orodha ya wachezaji. Kampala wakachukua namba ya Nairobi, wakaongeza yao. Kwenye kazi ile urefu ndio unaouzwa, na wauzaji ni wengi. Likizo moja alikuja nyumbani, akaniita bandani, akanipa futi kamba ya fundi cherehani. Alivua viatu, akaegemea nguzo ya nje, ile inayopita juu ya paa la banda. Nilipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Sema ulichokiona," akasema. "Usiniongezee."

Ilikuwa futi sita na inchi sita. Nikakwaruza alama kwa kisu. Aligeuka akaitazama alama ile muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Kampala mimi ni sita na tisa," akasema.

Nikamuuliza kama haoni vibaya. Akasema anaona vibaya, ila kwenye orodha ile kila mtu ameongezewa, na asiyeongezewa anaonekana amepungua. Alichokuwa anakiogopa ni kusahau. Ndiyo maana alitaka alama iwe nyumbani.

Sasa nieleze habari ya kulala. Kaka alilala amejikunja maisha yake yote ya kazi. Kwenye mabasi ya kwenda Kampala magoti yalikaa kidevuni. Kwenye hosteli za timu vitanda vilikuwa vya watu wa kawaida. Aliweka kiti miguuni, kiti kikateleza, mwisho akaacha. Hata kitandani kwake nyumbani miguu ilipita kwenye mbao. Mama hakulipenda jambo hilo. Baba alipokuwa amekwisha kufariki, mama alimwita fundi wa Tengeru akamchongea kitanda kirefu cha mgrevilea. Kitanda kile kilipoingia chumbani mlango haukufungika tena, kwa hiyo ukiwa sebuleni uliona miguu yake. Kaka aliporudi kutoka Kigali alikitazama, akacheka, akamshukuru mama kwa mikono miwili. Asubuhi mama alipita na chai akamkuta amejikunja katikati ya kitanda kama mtoto, nafasi imebaki juu na chini. Hakumwamsha. Alirudi jikoni akaniambia, "Wamemkunja mpaka amesahau." Hatukulizungumza tena.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kumtaja, baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Shamba lake linapakana na letu. Kati yetu kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani. Kwetu isale si mmea tu. Ukitaka kuomba msamaha mzito unakwenda nalo mkononi, na likipandwa na ukoo kwenye mpaka, mtu mmoja haling'oi. Baba na baba mdogo waligombana kuhusu mpaka huo. Baba alisema mwenzake amesogea. Baba mdogo alisema baba hajui kupima. Ukoo ukaja, ukapima, ukapanda masale mapya, na hakuna aliyeridhika. Baba alikufa bila kula tena kwa mdogo wake. Mama na baba mdogo walisalimiana mlangoni mwa kanisa, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, na hiyo ikawa basi.

Kaka peke yake alivuka. Upande wa baba mdogo, karibu na mpaka, kuna mparachichi mkubwa. Kaka akiwa nyumbani, sauti ilisikika kutoka ng'ambo, kama inaiuliza migomba, "Yule mrefu yupo?" Kaka akayavuka masale kwa hatua moja, akachuma maparachichi kwa mkono, moja moja, bila kuyaangusha. Nilizoea kuwasikia.

"Bado wanakulipa kwa kuruka?"

"Bado, baba."

"Basi ruka kabla hawajafikiri vizuri."

Jioni yake tungekuta maparachichi yamepangwa chini ya masale, upande wetu. Mama aliyachukua. Hakusema ameyatoa nani.

Mwanza ilikuwa timu yake ya mwisho ya mkataba. Alirudi Arusha, akapanga chumba Kisongo, akapata kazi kwenye kampuni ya watalii karibu na uwanja wa ndege, kufunga mizigo juu ya magari. Wenzake walitumia ngazi. Jumamosi alicheza mjini na vijana, na baada ya mchezo aliweka barafu kwenye magoti, akapanda gari kuja Akheri kutusalimia. Alinenepa kidogo. Niliona kwamba hana huzuni, nami ninaandika hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mchezaji akiacha huwa anavunjika moyo. Yeye alisema amechoka kufunga begi.

Siku moja kazini alishikwa na maumivu ya kifua yaliyopita hadi mgongoni. Wakampeleka hospitali mjini, na kabla hatujafika alikuwa ameshakufa. Daktari alitueleza kwamba mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulipasuka, na kwamba watu wa umbo kama lake, warefu wenye mikono mirefu, wakati mwingine huwa na mshipa dhaifu bila kujua. Mama aliuliza kama ni kwa sababu ya mpira. Daktari akasema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Wachezaji wenzake walisikia upesi. Walikuja kutoka Moshi, Dar, na Nairobi kwa kupitia Namanga. Hawakukaa tu msibani. Waliomba wapewe kazi, na wazee wakawaachia jeneza. Walikwenda kwa fundi mjini, wakaagiza, wakasimamia. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake tunapika loshoro ya mahindi na maziwa na kuchemsha maji ya chai, kwa hiyo sikuwapo walipotaja kipimo.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa jirani, kama ilivyo desturi. Tuna kipande kidogo cha kuzikia pembeni mwa shamba. Kaka alipangiwa kulala hapo: miguuni kwake kaburi la baba lililojengewa saruji, ubavuni mfereji wa maji, kichwani mstari wa masale. Walianza asubuhi, wakati mwili bado uko mjini. Kwa kawaida wachimbaji hupewa ufito uliokatwa kwa urefu wa jeneza. Jeneza lilikuwa halijafika, na vijana hawakutaka kuja kutusumbua na swali kama hilo. Wakamuuliza mzee jirani, aliyemjua kaka tangu azaliwe. Mzee akawaongoza hadi kwenye mlango wetu wa mbele. Akasema marehemu alikuwa akipita hapo miaka yote, na paji lake la uso liligusa fremu ya juu, yeye mwenyewe ameliona. Akakata ufito kwa mlango, akaongeza kidogo kwa ajili ya jeneza, akawapa. Kila aliyekuwapo aliona ni kipimo kizuri.

Wale wachezaji walipoingia uani na jeneza, watu wote waligeuka kuwatazama. Hatukuwa tumewahi kuona watu wa namna ile wakiwa wengi pamoja. Walikuja wameinama chini ya migomba, suti zao zimeishia juu ya vifundo vya miguu. Bibi mmoja jirani aliuliza kwa sauti, "Hawa wote mama yao ni mmoja?"

Mmoja wa wachezaji, mwanamume mwenye ndevu aliyecheza na kaka Nairobi, akajibu kwa upole, "Hapana, bibi. Tulikuwa na kocha mmoja. Shikamoo."

"Marahaba. Na yeye kawavuta hivyo?"

Watu wakacheka, hata mama nilimwona amefunika mdomo kwa kanga.

Kwenda kaburini walibeba wao na vijana wetu pamoja. Kwa kuwa vimo havikulingana, jeneza liliinamia upande wa vijana wetu, hadi wale warefu wakalishusha kutoka mabegani wakalibeba kwa mikono iliyonyooshwa chini. Mchungaji alisoma. Kamba zikapitishwa. Jeneza likateremshwa upande wa miguu kwanza, na upande wa kichwa ukakwama juu ya udongo.

Walilinyanyua, wakajaribu tena. Kaburi lilipungua kama futi moja. Aliyeongoza wachimbaji akauliza nani alitoa kipimo. Mzee jirani akasema yeye, alipima mlango.

"Mlango gani, mzee?" akauliza yule mwenye ndevu.

"Mlango wa kwao. Alikuwa anapita hapo."

"Alikuwa anainama, mzee."

Mzee akautazama mlango, uliokuwa ukionekana kutoka pale kaburini, kisha akakaa chini. Hakuna aliyemlaumu. Wote tungepima vilevile.

Mambo yakaanza kusemwa kwa sauti ndogo. Mmoja akashauri upande wa kichwa uachwe juu kidogo, udongo utafunika. Mwingine akasema jeneza lilazwe mshazari, lakini mfereji ulizuia. Mchungaji akauliza kama kuna sehemu nyingine, labda nyuma ya banda. Mtu fulani, sitamtaja, akasema maiti hajui kama amenyooka ama amekunjwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alisema, bila kumtazama mtu, "Niliwaambia mapema." Baada ya hapo hakuna aliyetoa ushauri. Wazee wote wakawa wanatazama sehemu moja, na sehemu hiyo ilikuwa masale. Ili kumnyoosha kaka, ilikuwa lazima kaburi lipite mpakani.

Baba mdogo alikuwa amekaa na wazee wa ukoo. Aliinuka taratibu, akaja hadi kwenye ukingo. Akamuuliza yule mwenye ndevu jeneza lilitengenezwa kwa kipimo gani.

"Futi sita na inchi tisa, mzee, na nafasi kidogo. Tulimwambia fundi asikosee."

Niliposikia hivyo nilijua lililotokea. Walikuwa wamempima kwa orodha za timu. Kwa urefu wake wa kweli, wachimbaji wangechokonoa udongo hadi kwenye mizizi ya masale wakaishia hapo, isale lisiguswe. Nilitamani kunyamaza. Mama alikuwa ameomba kitu kimoja, na kilikuwa karibu kupatikana au kukataliwa, na mimi nilikuwa na neno ambalo lingeweza kumpa baba mdogo sababu ya kukataa. Lakini isale lile lilipandwa kwa sababu ya watu wawili kutoafikiana juu ya kipimo. Sikuona kama linaweza kung'olewa kwa kipimo ninachojua si cha kweli. Nikamwendea.

"Baba," nikasema, "jeneza ni refu kumzidi. Yeye alikuwa sita na sita. Timu zilimwongezea."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha upana wa kiganja changu.

Alikitazama kiganja. "Kwa hiyo kitakacholala kwangu ni ubao mtupu."

"Ndiyo, baba. Labda na kitambaa."

"Nani alimpima?"

"Mimi. Alama iko bandani."

Yule mwenye ndevu alikuwa amesikia. Alitazama viatu vyake. Nilimwona mama ananitazama, na sikuweza kujua anafikiri nini.

"Alijua wanamwongezea?" baba mdogo akauliza.

"Alijua."

"Na akakaa nao."

"Ilikuwa kazi, baba."

Alitikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa wala kukubali. Kisha akawaambia vijana wamletee jembe. Mzee mmoja wa ukoo akamkumbusha kwamba isale lile ni la ukoo, si lake.

"Ukoo si ndio huu umekaa hapa?" akasema. "Mwenye neno aseme sasa, jua linakwenda."

Hakuna aliyesema. Alipiga jembe pembeni mwa shina, mbali kidogo asikate mizizi, akalitoa isale kwa mikono yake pamoja na udongo wake. Akaliweka kivulini chini ya mparachichi. Akawaambia wachimbaji, "Chimbeni kwa jeneza. Msichimbe kwa mtu, mtu tulishindwa kumpima."

Wachezaji walivua makoti wakachimba pamoja na vijana wetu. Walikuwa na mikono mirefu lakini hawakujua jembe, na vijana wakawatania kwamba kama na kikapu walicheza hivyo, basi mashabiki walionewa. Mizizi miwili ya mparachichi ilikatwa. Jeneza likashuka sawasawa. Mama aliinuka kwenye kiti, akaja hadi ukingoni, akaangalia upande wa miguu, akaangalia upande wa kichwa, akarudi kukaa. Mchungaji akaendelea alipoishia.

Jioni nilimwomba mama anisamehe kama nilimhofisha. Akasema sikumhofisha. Akasema kama ningenyamaza, kaka angelala amenyooka juu ya uongo, na hiyo isingekuwa kunyooka. Aliyasema hayo akiwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya.

Kaburi limejengewa saruji sasa. Ukoo ulikuja tena kutazama mpaka. Baba mdogo akasema mstari ubaki palepale ulipo, hataki kuongezewa wala kupunguziwa, na lile isale akalipanda kichwani mwa kaburi, upande wake. Pale kaburi linapopita pameachwa pengo. Watu wengine hupenda kusema kwamba kifo cha kaka kilimaliza ugomvi. Hakikuumaliza. Mama na baba mdogo bado hawali pamoja. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba baba mdogo hufagia majani yanayoanguka juu ya kaburi, kuanzia kichwani hadi pale mstari ulipopita, na hapo anaacha. Kinachobaki hufagia mama. Hawafagii kwa wakati mmoja.

Maparachichi siku hizi yanaangushwa kwa mti mrefu, kwa kuwa hakuna wa kuyachuma kwa mkono. Yanagonga chini na kuchubuka. Baba mdogo huchagua yaliyo nafuu, anatuwekea juu ya saruji, upande wetu. Tunayakata sehemu nyeusi, tunakula yaliyobaki.